Kupima prosesa zenye kori nyingi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaokuja Jumamosi kwenye kundi letu la kusoma usanifu wa kompyuta hapa Nyegezi, na mengine huingia kwa WhatsApp kutoka Sengerema, Bunda na Musoma. Yanajirudia mno, hivyo tumeyaweka mahali pamoja. Mwenye haraka aruke hadi swali la vifaa na programu (“Niko Mwanza, sina maabara”). Ila anayeruka lile la mpangilio wa memori (“Nani anaamua jibu lipi ni sahihi?”) huwa anarudi kutuuliza.

Kori moja ikishapimwa ikaonekana nzima, kwa nini kori nne za aina ileile zilete shida?

Kwa sababu shida haimo ndani ya kori, yaani kitengo cha prosesa kinachotekeleza amri za programu, imo baina yao. Kori ikiwa peke yake inaandika 5 kwenye anwani fulani, inasoma tena, inapata 5, basi. Ikiingia kori ya pili linazuka swali ambalo halikuwapo: hiyo 5 mwenzake ataiona lini? Na ataiona kabla au baada ya kitu kingine kilichoandikwa na kori ya kwanza?

Hesabu nayo inatisha. Kori mbili zenye amri 10 kila moja zinaweza kupishana kwa njia 184,756. Ongeza kori ya tatu yenye amri 10, njia zinafika zaidi ya trilioni 5.5. Na hizo ni amri 30 tu. Simu iliyo mfukoni mwako hutekeleza mabilioni kwa sekunde. Kujaribu kila mpishano hakuwezekani, na kazi yote ya fani hii inatokana na ukweli huo mmoja: utachagua vipi michache ya kujaribu, na ukishaijaribu utajuaje kwamba jibu ulilopata lilikuwa halali.

Kache kukubaliana maana yake nini?

Mchukue mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ana daftari kuu ofisini na makarani watatu sokoni, kila mmoja na kijidaftari chake mfukoni ili asitembee hadi ofisini kwa kila mteja. Karani mmoja akibadilisha bei ya gunia kwenye kijidaftari chake, wawili wakabaki wanauza kwa bei ya jana, tajiri atalia. Dawa yake ni kwamba anayetaka kubadilisha ahakikishe kwanza wenzake wamefuta ukurasa huo, na wakiuhitaji tena waje wanakili upya.

Kache, memori ndogo ya haraka iliyo karibu na kori, ndiyo hicho kijidaftari. Prosesa nyingi za leo huchukua memori kwa mistari ya baiti 64, na kila kori inaweza kuwa na nakala ya mstari uleule. Itifaki maarufu inayosimamia nakala hizo ni MESI, iliyochapishwa mwaka 1984 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois. Jina ni herufi za kwanza za hali zake kwa Kiingereza. Kila mstari una hali moja kati ya nne: Umebadilishwa, ni wa Pekee, ni wa Pamoja, au ni Batili. Wasomaji wanaruhusiwa kuwa wengi. Mwandishi ni mmoja, na wakati anaandika hakuna mwingine mwenye nakala.

Hali nne tu? Mbona inaonekana rahisi?

Hali nne ni zile ambazo mstari umetulia. Kwenye chipu halisi hakuna kinachotokea papo hapo. Ombi linasafiri, jibu linasafiri, na katikati ya safari hizo mstari uko kwenye mpito: umeomba ruhusa ya kuandika na hujajibiwa; umejibiwa lakini data haijafika; data imefika lakini wenzako hawajathibitisha kwamba wamefuta. Zihesabu hizo, itifaki ya hali nne inageuka ya hali kumi na kitu, na zikiwapo ngazi kadhaa za kache zinafika makumi. Hitilafu nyingi hukaa humo.

Huu ni mfano tunaompa kila mgeni auchore kwenye karatasi. Kori A na kori B zote zina nakala ya Pamoja ya mstari mmoja, na zote zinataka kuandika wakati uleule. Kila moja inatuma ombi fupi: data ninayo, naomba ruhusa tu. Saraka, yaani sehemu inayotunza orodha ya nani ana nakala ya nini, inapokea la B kwanza. Inairuhusu B, na kwa A inatuma amri ya kufuta. Sasa A inaamriwa kufuta mstari uleule ambao inasubiri ruhusa ya kuuandika. Inatakiwa ifute, ijibu kwamba imefuta, na ikumbuke kuwa ombi lake la mwanzo halitoshi tena kwa kuwa data haina. Ruhusa yake ikija, lazima ije na data mpya iliyotoka kwa B.

Mbunifu akisahau hatua hiyo moja, A itapata ruhusa, itaandika baiti zake nane juu ya mstari wa zamani wa baiti 64, na alichoandika B kitapotea. Hakuna onyo litakalotokea popote. Programu itaendelea kama kawaida, na salio la mtu fulani litakuwa si lile. Kosa hilo litajitokeza tu pale maombi mawili yanapokutana ndani ya mapigo machache ya saa ya prosesa, jambo ambalo jaribio la kawaida linaweza kuliendea mwaka mzima bila kuligusa.

Kuna na kukwama. A inasubiri jibu la B, B inasubiri saraka, saraka inasubiri nafasi kwenye foleni, na foleni imejaa maombi ya A. Hapo chipu inasimama kabisa. Ndiyo maana wabunifu hutenganisha njia za maombi na njia za majibu: majibu yapite hata kama maombi yamefurika. Binafsi napendelea hitilafu ya kukwama kuliko ile ya kwanza. Iliyokwama unaiona.

Nani anaamua jibu lipi ni sahihi?

Hili ndilo swali la msingi, na wengi hulifikia wamechelewa. Tazama programu hii. Mwanzoni x na y zote ni 0.

Kori A: andika x = 1, kisha soma y.
Kori B: andika y = 1, kisha soma x.

Je, inawezekana A isome 0 na B nayo isome 0? Ukiwauliza watu kumi watakuambia haiwezekani, maana mmoja lazima atangulie kuandika. Leslie Lamport aliuandika mkataba huo waziwazi mwaka 1979: matokeo yawe kana kwamba amri za kori zote zimepangwa kwenye foleni moja, na za kila kori zimebaki katika mfuatano wa programu yake. Chini ya mkataba huo sifuri mbili ni marufuku.

Lakini prosesa za Intel na AMD hazikuahidi hivyo. Kila kori ina bafa ndogo ambamo maandishi husubiri kabla ya kuingia kwenye kache, ili kori isisimame kusubiri. A inaweka x = 1 kwenye bafa yake, inasoma y ikiwa bado 0; B inafanya vivyo hivyo upande wake; wote wanapata 0. Ni halali. Prosesa za Arm na RISC-V zimelegeza zaidi: huko hata maandishi mawili ya kori moja yanaweza kuonekana na kori nyingine yakiwa yamepinduka, na programu inayotaka utaratibu lazima iweke amri ya kizuizi. Kwa Arm amri hiyo ni DMB, kwa RISC-V ni FENCE, na kwa Intel na AMD kuna MFENCE.

Mkataba huu unaitwa mpangilio wa memori, au modeli ya memori. Kwa miaka mingi ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya kawaida kwenye miongozo ya watengenezaji, na sentensi zake zilibishaniwa. Kati ya 2009 na 2010 watafiti wa Cambridge, akiwemo Peter Sewell, walichapisha modeli ya kihesabu ya prosesa za x86 waliyoiita x86-TSO, na kuanzia hapo ubishi mwingi ukapata mahali pa kuishia. Msimamo wetu ni huu: mtu asianze kupima prosesa ya kori nyingi kabla hajaweza kusema, kwa jaribio analoliendesha, matokeo yapi yanaruhusiwa na yapi yamekatazwa. Anayepima bila hilo anachosha mashine tu.

Kwa hiyo nikiona 0 na 0 kwenye laptopu yangu, ni mbovu?

Hapana. Ukiiendesha mara milioni na usizione kabisa, kwanza kagua kama umeiandika vizuri.

Mnapimaje kitu ambacho hakijatengenezwa?

Prosesa huanza ikiwa maandishi, kwa lugha kama Verilog au SystemVerilog, yanayoeleza kila rejista, yaani kihifadhi kidogo cha data ndani ya prosesa, itabadilikaje katika kila pigo la saa. Maandishi hayo huendeshwa ndani ya kiigaji, programu inayoigiza chipu. Uzuri wa kiigaji ni kwamba unaona kila waya. Ubaya wake ni kasi.

Tuseme chipu itakuwa ya gigahezi 2. Sekunde yake moja ni mapigo bilioni 2. Kiigaji kinachokwenda mapigo 1,000 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa muundo mkubwa, kitahitaji siku 23 kuigiza sekunde hiyo moja. Emuleta, mashine maalumu za bei kubwa zilizojengwa kwa kazi hii, hucheza karibu na mapigo milioni 1, hivyo utasubiri kama dakika 33. Ukipanga muundo kwenye FPGA, chipu inayoweza kupangwa upya iwe saketi unayotaka, ukaenda kwa megahezi 50, sekunde 40 zinatosha, ila sasa huoni tena kila waya. Kila ngazi unayopanda kwa kasi unalipa kwa kuona, na kazi ya kila siku ya mhakiki ni kuamua swali lipi lipelekwe ngazi ipi. Kujaribu kuwasha Linux ndani ya kiigaji cha polepole ni kosa la kawaida la wanaoanza. Kiigaji kipe majaribio mafupi makali, Linux ipeleke FPGA.

Majaribio hayo makali hutoka wapi? Mnayaandika kwa mkono?

Machache. Mengi huzalishwa na programu kwa nasibu, lakini nasibu yenye mipaka. Ukiacha kori zichague anwani popote kwenye gigabaiti 8, hazitakutana kamwe. Kwa hiyo unazibana: anwani nne au tano tu, kori zote zigombanie hizo. Unapunguza kache iwe ndogo kupita kiasi ili mistari ifukuzwe kila mara. Unaziweka data mbili zisizohusiana kwenye mstari mmoja wa baiti 64, ili kori zigombane bila programu kujua. Unachelewesha ujumbe kwenye njia za ndani kwa muda wa kubahatisha. Nia ni kulazimisha ule mkutano wa A na B uliochorwa hapo juu utokee maelfu ya mara kwa saa badala ya mara moja kwa mwaka.

Kila jaribio la nasibu lina namba ya mbegu, ile inayoanzisha ubahatishaji wake na kuuwezesha kurudiwa vilevile. Itunze. Jaribio lililofeli bila mbegu yake ni hadithi, huwezi kulirudia wala kumwonyesha mwenzako.

Na jaribio la nasibu likishakwisha, mnajuaje majibu ni halali?

Hapa ndipo pana utamu. Kwa kori moja unalinganisha na modeli rahisi ya programu: kiigaji cha amri kiseme rejista ziwe na nini, chipu iseme zina nini, visipolingana umekamata kitu. Kwa kori nyingi majibu halali ni mengi, kwa hiyo hakuna jibu moja la kulinganisha nalo.

Ujanja ni huu. Kila andiko lipe thamani ya kipekee: la kwanza 1, la pili 2, na kuendelea, bila kurudia. Kori yoyote ikisoma 37 unajua mara moja imesoma andiko lipi. Halafu unachora mishale: andiko hili lilitangulia usomaji huu; usomaji huu ulitangulia andiko lile kwa sababu ulipata thamani ya kabla yake; amri hizi mbili zina mfuatano ambao modeli ya memori inaulinda. Mishale ikizunguka ikarudi ilikoanzia, kuna jambo limetangulia lenyewe, na hilo haliwezekani. Prosesa imevunja mkataba. Watu wa Sun Microsystems walieleza zana ya namna hii, TSOtool, mwaka 2004.

Tatizo ni kwamba mishale mingine huioni kutoka nje. Kori mbili zimeandika anwani moja, nani alitangulia? Gibbons na Korach walionyesha mwaka 1997 kwamba kukagua matokeo namna hii, bila taarifa ya ziada, ni kati ya yale matatizo ya kihesabu ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua kwa ukubwa wowote. Ndani ya kiigaji tunakwepa, maana tunaweza kuchungulia kache na kuona nani aliandika kwanza. Kwenye silikoni, yaani chipu halisi, huna dirisha hilo, na wakaguzi wake hukubali kuacha makosa machache yapite ili kazi iishe.

Hakuna njia ya kuthibitisha kwa hesabu kabisa, bila kubahatisha?

Ipo, kwa vipande. Unaandika itifaki ya kache kama orodha ya hali na kanuni za kuhama, kisha programu ya ukaguzi wa modeli inatembelea kila hali inayoweza kufikiwa, bila kuruka hata moja. Murphi, iliyotoka Stanford kwa David Dill na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitengenezwa kwa kazi kama hii. Mwaka 1992 kundi la Edmund Clarke huko Carnegie Mellon lilitumia zana ya SMV kukagua itifaki ya kache ya Futurebus+, njia ya mawasiliano ya ndani ya kompyuta iliyokuwa kwenye kiwango cha IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, na likakuta makosa ambayo waliotangulia hawakuyaona. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing ya 2007 kwa kazi ya ukaguzi wa modeli.

Ukomo wake ni idadi ya hali. Kori mbili au tatu na anwani moja, laptopu inamaliza. Ongeza kori ya nne, anwani ya pili na foleni ndefu kidogo, ramu inajaa. Lakini usiidharau hiyo kori tatu: ule mfano wa A na B unahitaji kori mbili na mstari mmoja tu, na Murphi itakuletea njia nzima ya hatua kwa hatua hadi kwenye kosa kabla hujaandika mstari hata mmoja wa Verilog. Kinachobaki ni kwamba umethibitisha itifaki kwenye karatasi. Verilog inaweza kuitekeleza vibaya, kwa hiyo majaribio ya nasibu hayakwepeki.

Mnajuaje mmemaliza?

Hatujui. Tunapima tumefika wapi: kila hali ya mpito iliguswa? Kila jozi ya hali na ujumbe ilitokea? Foleni zilijaa angalau mara moja? Orodha hiyo huandikwa mapema na kujazwa kadiri majaribio yanavyokwenda. Hitilafu mpya zikipungua wiki hadi wiki huku majaribio yakiongezeka, watu huanza kuzungumzia kupeleka kiwandani. Ni uamuzi wa biashara unaovaa koti la uhandisi, kwa sababu maski za kuchapia chipu kwa teknolojia ya kisasa hugharimu mamilioni ya dola na kusubiri chipu irudi huchukua miezi.

Chipu ikirudi kutoka kiwandani kazi imekwisha?

Inaanza upya kwa sura nyingine. Sasa una kasi kamili: dakika chache za silikoni zinapita uigaji wote uliofanya. Ila huoni ndani, isipokuwa kwa matundu uliyoyaacha mapema, kama lango la JTAG la kuchunguzia chipu, ambalo lilikuwa kiwango cha IEEE kufikia 1990, na bafa ndogo za kurekodi matukio ya mwisho kabla ya ajali. Hapo huendeshwa yale yale majaribio ya kugombania anwani, safari hii kwa siku nyingi, huku volti, kasi na joto vikipandishwa na kushushwa kuona muundo unavunjikia wapi.

Usichanganye hilo na upimaji wa kila chipu kiwandani. Ule hautafuti makosa ya mbunifu. Unatafuta transista iliyoharibika kwenye kipande hiki mahususi, na huchukua muda mfupi kwa kila chipu.

Kuna hitilafu za kori nyingi zilizowahi kupenya hadi kwa wateja?

Zipo, na watengenezaji huchapisha orodha zake. AMD ilipotoa prosesa zake za kwanza za kori nne kwenye chipu moja mwaka 2007, ikagundulika kuwa mstari unaweza kufukuzwa kutoka kache ya ngazi ya pili wakati uleule prosesa inaweka alama kwenye jedwali la kurasa za memori, na data ikaharibika. Marekebisho kupitia BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, yalipunguza kasi. Toleo lililorekebishwa la chipu lilikuja 2008. Mwaka 2014 Intel ilizima kwa maikrokodi, maelekezo ya ndani ya prosesa yanayoweza kusasishwa, uwezo wa miamala ya memori, TSX, kwenye prosesa zake za Haswell baada ya hitilafu kupatikana.

Ninayoipenda zaidi ni ya Cortex-A9 ya Arm, aina ya kori iliyokuwamo ndani ya Samsung Galaxy S II na iPhone 4S. Kori ikisoma anwani moja mara mbili mfululizo, iliwezekana ya kwanza ilete thamani mpya na ya pili ilete ya zamani. Muda ulirudi nyuma, kwa neno jingine. Arm ilitoa ushauri kwa waandishi wa programu mwaka 2011. Jaribio la kuikamata lina amri tatu: kuandika mara moja, kusoma mara mbili.

Chipu iliyopimwa ikapita inaweza kuanza kukosea baadaye?

Ndiyo. Mwaka 2021 Google na Facebook kila mmoja alichapisha habari za kori chache, kati ya mashine nyingi mno, zinazokosea hesabu kimya kimya. Facebook walieleza kori moja, namba 59, iliyokuwa ikipewa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kutoa 0 badala ya 156. Baadhi ya hesabu nyingine ilizifanya sawasawa.

Mtu aliwahi kutuuliza kama miale ya kutoka angani hutusumbua zaidi sisi tulio juu, maana ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko kweli huongeza chembe zinazopindua biti. Ukaribu na ikweta unazipunguza, kwa kuwa uga wa sumaku wa dunia huku unakinga zaidi. Kwa laptopu moja usipoteze usingizi. Kwa chumba cha seva nunua memori ya ECC, inayogundua na kusahihisha biti iliyopinduka.

Niko Mwanza, sina maabara wala emuleta. Nianzie wapi?

Laptopu ya ramu gigabaiti 8 yenye Linux inatosha kwa muda mrefu. Weka herdtools7, ambayo ni bure na hupatikana kwa opam, kisakinishi cha programu za OCaml. Ndani yake anza na zana tatu: diy7 huzalisha majaribio mafupi ya litmasi, kama lile la x na y, herd7 inakuambia modeli inaruhusu nini, na litmus7 inaliendesha jaribio kwenye prosesa yako halisi mara milioni na kuhesabu kila tokeo. Anza na ile ya x na y. Ona sifuri mbili kwa macho yako, weka MFENCE katikati ya amri mbili za kila kori, zione zinatoweka.

Kisha pata Murphi au TLA+, lugha nyingine yenye zana ya ukaguzi wa modeli, uandike MESI ya kori mbili. Itakuchukua muda kuliko unavyodhani. Baada ya hapo ndipo uje kwenye Verilator, inayogeuza Verilog kuwa programu ya C++ yenye kasi nzuri, na GTKWave ya kutazama mawimbi. Miundo ya wazi ya kuchezea ipo: Rocket ya Berkeley, au OpenPiton ya Princeton ambayo imejengwa mahususi kwa kori nyingi. Pakua usiku wenye bando nafuu, ni mizigo mikubwa.

Raspberry Pi ipi ni nzuri?

Pi 4 au 5. Kori za Pi 3, Cortex-A53, hutekeleza amri kwa mfuatano wake, hivyo mambo ya ajabu ni adimu zaidi. Cortex-A72 ya Pi 4 hupangua mfuatano, na jaribio la ujumbe na bendera (kori moja inaandika data kisha bendera, nyingine inasoma bendera kisha data) lisilo na DMB linaweza kukuonyesha data ya zamani. Weka feni, ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguzia kasi.

Umeme ukikatika katikati ya uigaji wa saa nane?

Usiwe na uigaji wa saa nane. Kuwa na majaribio mia nne ya dakika moja na kitu, kila moja na mbegu yake kwenye faili, na skripti inayoendelea pale ilipokomea. Hata mahali ambapo umeme haukatiki hii ni tabia bora, kwa sababu jaribio fupi lililofeli ni rahisi kulichunguza.

Naweza kutumia majaribio haya kukagua laptopu ya mtumba kabla ya kununua?

Hayafai kwa hilo. Litmasi inakagua muundo, na muundo wa laptopu hiyo umeshakaguliwa. Unachotafuta wewe ni kipande kilichochoka. Endesha Memtest86+, inayopima memori, mzunguko mzima, kisha stress-ng, inayozipa kazi nzito, kwenye kori zote kwa nusu saa, halafu tazama dmesg, ujumbe wa keneli ya Linux, kama kuna taarifa za kosa la mashine. Muuzaji akikataa kukupa muda huo, laptopu nyingine zipo.

Nikipata tokeo ambalo modeli imelikataza, nifanye nini?

Kwanza lishuku jaribio lako. Fungua faili iliyotoka kwa kompaila, programu inayogeuza ulichoandika kuwa amri za mashine, kwa zana ya objdump uone kama amri ziko katika mfuatano uliouandika. Mara nyingi kompaila ndiyo iliyopangua na prosesa haina hatia. Hakikisha umetumia modeli ya aina yako ya prosesa, si ya jirani. Liendeshe tena kwenye mashine nyingine ya aina ileile: likitokea kwenye moja tu, huenda ni kipande kibovu, likitokea kwenye zote, soma orodha ya hitilafu ya mtengenezaji, inayopatikana bure kwenye tovuti yake, utafute kama inajulikana.

Ikiwa haimo, punguza jaribio hadi liwe na amri chache kabisa zinazotosha kulionyesha. Andika aina kamili ya prosesa, toleo la maikrokodi, toleo la keneli, umeliendesha mara ngapi na limetokea mara ngapi. Mtumie mtengenezaji. Na sisi tuletee Jumamosi, tutalichora mishale yake ubaoni.